Ua Jipya Barazani, na Jina Lake



Mwezi huu tunaweka kando mchicha na matuta ya vitunguu, maana tumepokea barua ambayo hatukuona vema kuijibu kwa mistari mitatu kwenye ukurasa wa maswali. Aliyetuandikia ni mama wa watoto wanne, mkazi wa wilaya ya Lushoto, na ametuomba tusilitaje jina lake. Barazani kwake ana vyungu 12 vya lile ua dogo lenye majani ya manyoya ambalo wengi wenu mnalifahamu. Waingereza huliita urujuani wa Afrika, na Wajerumani huliita urujuani wa Usambara. Sisi tutaliita ua la Usambara tu, kwa kuwa ndiko kwao.

Mama huyu alikuwa na mmea mmoja wa maua ya pinki yenye petali za safu moja, na mwingine wa maua ya buluu ambayo petali zake zimejazana safu juu ya safu. Alichukua chavua ya buluu akaipaka kwenye ua la pinki, akapanda mbegu, akangoja. Miche yote ikatoa maua ya buluu. Jirani walimcheka. Lakini hakuitupa, akaichavusha yenyewe kwa yenyewe, akapanda tena, na katika miche 22 ya mara ya pili, minne ilitoa maua ya pinki. Mitatu kati ya hiyo minne ina petali zilizojazana, na mmoja wa hiyo mitatu, anasema, ni mzuri kiasi kwamba mume wake, ambaye kwa kawaida haoni maua, aliuliza umenunuliwa wapi.

Furaha hiyo haikudumu. Alimgawia jani mwenzake wa kikundi cha akina mama usharikani, na sasa huyo mwenzake anaotesha miche ya ua lile na kuiuza siku za gulio. Mavuno yaliyopita aliupeleka mche mmoja kwenye mnada wa kanisa, ukapata bei nzuri, na alipoulizwa ua hilo linaitwaje, alitaja jina la binti yake mwenyewe. Tangu siku hiyo akina mama hawa wawili wanaimba kwaya moja bila kutazamana.

Mama wa Lushoto anauliza: ua lile ni jipya kweli? Je, kuna mahali pa kuliandikisha? Na je, anaweza kumzuia mwenzake asiliuze?

Kabla hatujamjibu, inafaa tujue ua lenyewe limetoka wapi, maana tumekutana na akina mama wengi wanaoamini kwamba lililetwa na wamisionari kutoka Ulaya. Ni kinyume chake. Mwaka 1892 mkuu wa wilaya ya Tanga wakati wa Wajerumani, Baron Walter von Saint Paul-Illaire, aliliona likiota lenyewe kwenye miamba na misitu ya nchi ya Tanga. Bwana huyu alipenda lugha pia. Mwaka 1890 alikuwa amekwisha kutoa kitabu cha kuwafundisha Wajerumani Kiswahili. Alilipeleka ua kwa baba yake Ujerumani, na baba akamkabidhi Hermann Wendland, msimamizi wa bustani ya mimea ya Herrenhausen katika mji wa Hannover. Wendland alilikuza, na mwaka 1893 akalipa jina la kitaalamu, Saintpaulia ionantha. Neno la kwanza ni kwa heshima ya ukoo wa baron, na la pili maana yake ni kwamba maua yake yanafanana na urujuani. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza ua hili lilichukua jina la waliolisafirisha, si la vilima lilikoota wala la Wasambaa na Wabondei waliokuwa wakipita kando yake kila siku. Tunalisema hilo bila uchungu, lakini tunalisema.

Wataalamu waliofuata walijirudi kidogo. Katika majina ya kitaalamu ya jamaa zake mtayakuta majina ya Amani, Magunga, Tongwe, Shume, Uluguru, na ng'ambo ya mpaka, Taita. Mwaka 2015 wataalamu waliochunguza chembe za urithi walionyesha kwamba mimea hii yote ni tawi la jenasi kubwa zaidi iitwayo Streptocarpus, kwa hiyo vitabu vipya vimelihamishia huko. Wauza maua hawajali. Wao bado wanasema Saintpaulia, na hakuna anayewakamata.

Biashara kubwa ilianzia California. Mwaka 1926 kitalu cha Armacost na Royston mjini Los Angeles kiliagiza mbegu kutoka Ujerumani na Uingereza, kikaotesha miche ipatayo elfu moja, kisha kikachagua kumi tu. Elfu moja kwa kumi! Tunaomba hesabu hiyo ikumbukwe na kila mama anayetaka kuliita jipya kila ua linalochipua. Mmoja wa ile kumi uliitwa 'Blue Boy', na katika vyungu vya waliokuza 'Blue Boy' ndimo yalimotokea, mwishoni mwa miaka ya 1930 na mwanzoni mwa miaka ya 1940, mabadiliko ya ghafla ambayo hakuna mtu aliyeyapanga: mmea wenye petali zilizojazana, mwingine wa maua ya pinki, na mwingine wenye baka jeupe kwenye shina la kila jani, ambao waliuita 'Blue Girl'. Mwaka 1946 wapenzi wa ua hili walifanya maonyesho katika mji wa Atlanta, na hapo ndipo kilipozaliwa chama chao cha Marekani. Wengi walioendeleza kazi hiyo hawakuwa maprofesa. Walikuwa akina mama wa nyumbani, wakiotesha miche kwenye dirisha la jikoni na chini ya taa za mirija.

Sasa tuje kwenye kazi ya mikono, maana tunajua barua nyingine zitatufuata tusipoieleza.

Litazameni ua katikati. Kuna vifuko viwili vidogo vya njano. Humo ndimo chavua ilimofungiwa. Kando yake kuna kijiti chembamba, na ncha ya kijiti hicho ndiyo inayopokea chavua. Katika maua mengine kijiti huinamia kulia, na katika mengine kushoto. Porini nyuki hukumbatia vile vifuko na kuvuma kwa nguvu mpaka chavua inatoka kama unga kwenye chekeche. Barazani nyuki huyo haji mara kwa mara, ndiyo sababu mmea unaweza kuchanua miaka mitano usizae hata mbegu moja. Kazi ya nyuki itabidi muifanye ninyi.

Chagueni ua la mama ambalo limefunguka siku tatu au nne zilizopita. Litoeni vifuko vyake kwa kucha au kibanio, lisije likajichavusha lenyewe. Chumeni ua la baba, mkipasue kifuko chake kwa wembe au pini juu ya karatasi nyeusi. Mkiona vumbi jepesi la rangi ya maziwa, hilo ndilo. Ligusisheni kwenye ncha ya kijiti cha ua la mama, na kesho yake mrudie tena, kwa kuwa ncha huwa tayari kwa saa ambazo hatuwezi kuziona kwa macho. Fungeni uzi wa rangi kwenye kikonyo cha ua hilo, na papo hapo mwandike kwenye daftari: mama nani, baba nani, tarehe gani. Msingoje jioni. Jioni kuna ugali na madaftari ya watoto.

Shauri moja ambalo limetusaidia: mmea wenye petali zilizojazana uwe baba, si mama. Katika maua hayo kijiti mara nyingi huwa kimeharibika au kimezongwa na petali. Mama wa Lushoto alifanya hivyo hivyo, sijui kwa ujuzi au kwa neema, lakini ndiyo sababu moja ya kufanikiwa kwake.

Ua likikubali, petali zitanyauka na kile kitako cha kijani kitaanza kuvimba. Hapo mnahitaji subira. Kifuko cha mbegu hukomaa kati ya miezi minne na tisa. Kikishakuwa cha kahawia na kusinyaa, kikateni, mkiweke ndani ya kiberiti kitupu kwa wiki mbili au tatu kikauke vizuri, kisha mkipasue juu ya karatasi nyeupe, milango na madirisha yakiwa yamefungwa. Msicheke, mbegu hizi ni kama ugoro, na upepo mmoja wa mtoto anayekimbia unatosha kumaliza kazi ya mwaka mzima. Nyunyizeni juu ya udongo mwepesi uliochujwa, wenye mboji na mchanga, uliomwagiwa maji yanayochemka ukaachwa kupoa. Msizifukie. Zinahitaji mwanga ili ziote. Funikeni kopo kwa plastiki inayopitisha mwanga, mliweke mahali penye mwanga lakini jua lisipofika, na baada ya wiki mbili hadi nne mtaona utando wa kijani. Kila mche ukiwa na majani mawili ya kushikika, uhamisheni kwa ncha ya kijiti cha kiberiti. Ua la kwanza litakuja miezi sita hadi kumi baada ya kupanda.

Jumlisheni wenyewe. Tangu pini mpaka ua, mwaka na zaidi. Na mama wa Lushoto alirudia mara mbili! Kile alichompa mwenzake kwenye kipande cha gazeti, jani moja lenye kikonyo, kilikuwa kazi ya miaka karibu mitatu.

Kwa nini miche yote ya kwanza ilikuwa ya buluu? Hapa mwalimu wetu ni mtawa, Gregor Mendel wa Brno, ambaye alipanda njegere katika bustani ya monasteri yake na mwaka 1866 akachapisha alichokiona. Kila mmea hubeba maagizo mawili ya rangi, moja la mama na moja la baba. Katika ua la Usambara agizo la buluu hulifunika lile la pinki. Watoto wa kwanza wote wana moja la buluu na moja la pinki, kwa hiyo wote huonekana wa buluu, lakini pinki imo ndani imejificha. Wakizaana wao kwa wao, mmoja katika kila wanne hupata maagizo mawili ya pinki, na rangi ya bibi yake hutokeza tena. Petali zilizojazana nazo hufunika zile za safu moja. Kwa miche 22 tungetegemea mitano au sita ya pinki; yeye alipata minne, na mitatu kati ya hiyo minne imejazana. Hesabu imekaa kama inavyotakiwa. Yule aliyeotesha miche mitano tu ya mara ya pili asilaumu ua asipopata anachokitafuta, kwa kuwa wa pinki na aliyejazana kwa pamoja ni watatu tu katika kila kumi na sita. (Wasomaji wa Mwanzo watamkumbuka Yakobo na mbuzi wa madoadoa wa Labani. Hata kule mfugaji aliyechagua vizuri alimaliza akiwa na kundi kubwa.)

Basi, ni jipya? Dada yetu, tutasema kweli ingawa si yote itakayokufurahisha. Maua ya pinki yaliyojazana si ajabu katika dunia ya ua hili. Wenzetu wa Marekani wanayo kwa miongo mingi, na aina zilizoandikishwa ni maelfu. Lakini kila mche uliotokana na mbegu ni mtu wake. Wako hauna pacha, hata kama una jamaa wengi. Swali ni kama una kitu cha kuutofautisha ambacho mgeni atakiona bila kuelekezwa: umbo la jani, rangi ya chini ya jani, ukingo wa petali, wingi wa maua, au uvumilivu wa baridi ya Lushoto mwezi wa Julai. Katika barua umetusifia uzuri wake, hukutuambia sura yake. Tuandikie tena.

Na kuna mtihani ambao hauruki mtu. Ua la Usambara huzaliana kwa jani: kata jani lenye afya na kikonyo chake cha sentimita tatu hivi, mkato uwe wa mshazari, ulichomeke kwenye udongo mwepesi wenye unyevu, funika kwa plastiki. Baada ya miezi miwili miche midogo hutokea chini yake. Jani linatoa mmea ulio sawasawa na mama yake, si kama mbegu ambayo huchanganya. Lakini si kila mara. Ile mimea iliyobadilika ghafla hupenda kurudi nyuma, na ile yenye mistari iliyopangika kama matairi ya baiskeli katikati ya ua haitoki kamwe kwa jani. Hiyo huzalishwa kwa vichipukizi vya pembeni tu. Kwa hiyo otesha majani matatu, ngoja yachanue, kisha chukua majani ya hayo yaliyochanua uoteshe tena. Wote wakifanana na wa kwanza mpaka hapo, una aina. Mmoja akirudi buluu, una ua zuri barazani, basi.

Kuhusu kuandikisha: mahali papo. Mwaka 1953 wataalamu wa dunia walitoa kwa mara ya kwanza kanuni za majina ya mimea inayokuzwa na watu, ili kila aina iwe na jina moja tu linalotambulika kila mahali. Kila jamii ya maua ina ofisi yake ya daftari. Maua ya iris, kwa mfano, huandikishwa kwa chama cha iris cha Marekani tangu mwaka 1955, ukiacha yale ya vitunguu, ambayo yana daftari lake Uholanzi. Ua la Usambara liko chini ya kile chama kilichozaliwa Atlanta. Anayeandikisha ni yule aliyelizalisha, au aliyepewa ruhusa naye. Anajaza fomu: wazazi ni nani, rangi na umbo la ua, sura ya jani, na ukubwa wa mmea. Mmea usiozidi sentimita 15 kwa upana huhesabiwa mdogo kabisa, wa kati ya 15 na 20 ni mdogo wa kawaida, na zaidi ya hapo ni mkubwa. Hakuna anayekuja kuukagua barazani kwako. Wanategemea uaminifu wa mwandikaji, na daftari zima limesimama juu ya uaminifu huo.

Jina lenyewe lina masharti. Liandikwe ndani ya alama moja moja za kunukuu. Lisizidi herufi 30. Lisiwe la Kilatini, sheria iliyoanza mwaka 1959. Lisiwe limekwisha kutumika kwa ua jingine la jamii hiyo, na lisijisifu kupita kiasi. Huwezi kuliita ua lako bora kuliko yote. Lakini halilazimiki kuwa la Kiingereza. Jina la Kiswahili, Kisambaa au Kitaita linakubalika na halitafsiriwi: litaandikwa hivyo hivyo Tokyo na Chicago. Adamu alipewa kazi ya kutoa majina kabla hata ya kupewa mke, kwa hiyo tusiione kazi hii kuwa ndogo. Sisi tungefurahi kuona vilima vyetu vikipata majina kadhaa kwenye orodha ile ndefu.

Jina lina faida gani? Mama mmoja akinunua 'Blue Boy' Arusha na mwingine Mombasa, wanajua wana kitu kimoja. Ua moja likiuzwa kwa majina mawili, mteja analipa mara mbili akidhani amepata maua mawili. Hapo ndipo kosa la yule mwenzake lilipo. Hata hivyo, tumeisoma barua mara tatu na hatuoni popote ambapo mama wa Lushoto alikuwa amelipa ua lake jina kabla ya kuligawa. Mwenzake alipoulizwa mbele ya watu linaitwaje, hakuwa na la kujibu. Alichofanya si sawa, kwa kuwa jina hutolewa na aliyezaa. Lakini hakufuta jina la mtu. Hapakuwa na jina.

Na je, anaweza kumzuia asiuze? Hapa watu wengi huchanganya vitu viwili. Kuandikisha jina hakumpi mtu umiliki wa ua. Ni kama cheti cha ubatizo: kinasema huyu ni nani, hakisemi ni mali ya nani. Haki ya kuwazuia wengine wasiuze hutolewa na serikali, chini ya sheria ya haki za wagunduzi wa aina mpya za mimea. Tanzania Bara ilitunga yake mwaka 2012, na mwaka 2015 nchi ikajiunga na umoja wa kimataifa unaosimamia haki hizo. Kenya ilijiunga mwaka 1999. Ili upewe haki hiyo, aina yako lazima iwe mpya, itofautiane waziwazi na nyingine, mimea yake ifanane yote, na isibadilike kizazi hata kizazi. Inafanyiwa majaribio, na kuna ada. Ukipewa, hudumu miaka 20 kwa mimea ya namna hii.

Neno "mpya" hapo lina maana yake ya kisheria. Kama ua limeuzwa hapa nchini kwa ridhaa ya aliyelizalisha kwa zaidi ya mwaka mmoja kabla ya maombi, halihesabiwi jipya tena. Kwa hiyo dada yetu ataulizwa: ulipompa jani, ulimwambia nini? Ulimpa apambe nyumba, au ulimwambia afanye atakavyo? Na hata mwenye haki hawezi kumkataza jirani kulikuza kwa ajili ya nyumba yake mwenyewe, wala kulitumia kama mzazi wa aina nyingine.

Kwa mama mwenye vyungu 12, hatushauri njia ya serikali. Hiyo inawafaa wenye vitalu vikubwa wanaosafirisha nje. Leo hii, dada, huna haki kisheria ya kumzuia mwenzako, na ukienda kwa mtendaji wa kata utarudi na maneno tu. Lakini kikundi chenu kinachouza miche kijue jambo moja: ukinunua chungu cha kutoka nje chenye kibandiko kinachosema aina hiyo imehifadhiwa, hapo kuna mwenye haki, na majani yake hayakatwi kwa biashara.

Lililobaki ni lile la kwaya. Bwana wetu alitufundisha kwenda kwanza wawili peke yenu, na tunadhani hapa inafaa kwenda na chungu mkononi badala ya malalamiko. Mwambie hukuwa umelipa jina, na sasa umelipa. Mwombe abadilishe vibao vyake vyote, na uwe tayari kumwandikia wewe mwenyewe kama mwandiko wake si mzuri. Kutokana na barua yako tunaona yeye anajua kuuza na wewe hujui. Kwenye mnada ule ua lako lilipata bei ambayo wewe usingethubutu kuitaja. Mngeweza kupatana kwamba majani yatoke kwako, miche iuzwe naye, na fedha mgawane kwa kipimo mtakachoandika. Akikataa kubadilisha jina, usimpe jani la ua lijalo, na uendelee kumsalimu.

Mwishoni mwa barua, kwa wino wa rangi nyingine kana kwamba alikumbuka baadaye, dada yetu anauliza kama apande msituni juu ya kijiji achimbe mimea ya porini aichanganye na ya kwake. Swali hili limetugusa kuliko yote. Ni kweli kwamba damu ya porini ina thamani. Aina zinazotambaa na kuning'inia kwenye vikapu zimetokana na jamaa watambaao wa Usambara kama grotei, na wazalishaji wa aina ndogo wametumia shumensis, ambayo jina lake ni la Shume, huko huko Lushoto. Lakini mimea hiyo imebaki sehemu chache. Inaishi kwenye miamba yenye kivuli. Miti ikikatwa kwa ajili ya shamba au mkaa, jua linaingia na mimea inakauka juu ya jiwe. Ile ya Taita haijulikani porini popote duniani isipokuwa kilima cha Mbololo. Kikundi kimoja cha akina mama chenye majembe kinaweza kumaliza kwa asubuhi moja kile kilichokuwapo kabla ya baron.

Kwa hiyo usichimbe. Katika hifadhi, kama ile ya Amani iliyotangazwa mwaka 1997, kuchukua mmea au hata sehemu yake bila kibali ni kosa, na watunzaji wa huko ndio wa kuulizwa kwanza. Ukiukuta kwenye mwamba wa shamba la ukoo wenu, jani moja linatosha. Umeona wewe mwenyewe jani moja linavyoweza kufanya. Uache mmea mahali pake, na umwombe mzee asiukate ule mti unaoutia kivuli.

Jani hilo likishaota, kwenye kibao cha chungu andika jina la mlima, jina la kijiji na tarehe, na utumie penseli, maana wino unafutika kwa maji ya kumwagilia.